Punje Moja kwa Kila Anayeingia

Keti nikusimulie, wewe wa rika langu, uliyekwenda shule na michembe, vile viazi vitamu vikavu, mfukoni ukaimung'unya kila mwalimu alipogeukia ubaoni. Nina jambo la furaha. Limenikaa kooni tangu juma lililopita na sijapata mtu wa kumwambia mpaka mwisho.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja aliingia darasani kwangu, hapa Nyashimo ninakofundisha watoto wa awali, amebeba kisabo, kile kibuyu cha kusukia maziwa, anampelekea dada yake. Alikiweka juu ya meza afunge kanga yake vizuri. Kizibo kikalegea, na harufu ya maziwa yaliyochacha, pamoja na moshi wa kibuyu kilichofukizwa, ikajaa chumba kizima. Yule mama akasema, "Mwalimu, huyu mwanangu hajui chochote. Nimekuja unipimie kama ni mzima." Nilichelewa kumjibu, kwa sababu sikuwa tena Nyashimo. Nilikuwa nimesimama kwenye lango la zizi letu, jua linashuka, vumbi limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na bibi yangu ameketi kwenye kigoda anasukasuka kisabo chake magotini, chubwi, chubwi, chubwi, akiniuliza, "Wameingia?"

Kwetu ni nje kidogo ya Bariadi, pale mashamba ya pamba yanapokutana na malisho. Mimi ni Doto, na ukishasikia jina hilo hapa kwetu huhitaji kuuliza: yuko Kulwa. Kulwa, pacha wangu, alitangulia kuzaliwa, mimi nikamfuata, na tangu hapo ikawa ndiyo kanuni ya nyumba. Tuligawana kazi ya kuwa mtu mmoja. Kulwa alikuwa mdomo, mimi nilikuwa macho na mikono. Tukitumwa kwa jirani, yeye alisema tulichotumwa, mimi nilibeba. Mgeni akiniinamia na kuniuliza jina langu, nilimtazama Kulwa, naye alijibu, "Anaitwa Doto, hapendi kushikwa kichwa." Hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe nilidhani watu wote wana mtu wa kuwasemea, ila wengine mtu wao hajafika.

Kazi yangu ya jioni ilikuwa lango la zizi. Ng'ombe walikuja wakisukumana, pumzi zao za moto zikinipiga usoni, harufu ya majani yaliyocheuliwa ikitangulia, nami nilisimama kando ya tawi la miiba na kuwatazama wanavyopita. Majina yao yalikuwa ya Kisukuma. Nitakupa maana tu: Kipaji, mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso. Mabaka. Aliyetoka Mnadani. Mkaidi, ambaye kila siku alisimama langoni kana kwamba zizi ni jipya kwake. Wakishapita wote nilijua mara moja kama wametimia, kama vile wewe ukipitisha ulimi mdomoni unavyojua jino limetoka.

Usiniulize walikuwa wangapi. Sitakuambia, na si kwamba nimesahau. Bibi yangu alikataza kabisa kuwahesabu ng'ombe. Watu pia hawakuhesabiwa, hasa watoto. "Mali inayohesabiwa inasikia," alisema, "na ikisikia inaanza kupungua." Hata baba, mkulima wa pamba na mfugaji ambaye watu walimfuata kumwomba ushauri wa maksai, ukimuuliza ana ng'ombe wangapi angeangalia pembeni na kusema, "Tunakunywa maziwa." Kumnyooshea ng'ombe kidole ukitaja hesabu lilikuwa kosa la mtoto asiyefunzwa. Nilifunzwa vizuri. Shika neno hilo, ndilo lililonitia matatani.

Siku ya kwenda kupimwa kwa ajili ya darasa la kwanza, mama alitusugua kwa sabuni ya mche mpaka masikio yakawaka, akatupaka mafuta, akatuvalisha magauni yaliyoshonwa kwa kitambaa kimoja. Njia nzima Kulwa aliimba. Mimi nilibeba viatu vya wote wawili ili visiingie vumbi kabla ya kufika.

Mwalimu wa kupima alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya chini, aliyefundisha darasa la kwanza tangu baba yangu ni mwanafunzi. Ukutani alikuwa ametundika picha kubwa mbili, moja ya machungwa na moja ya ng'ombe wakiwa malishoni. Alimwita Kulwa, akampa fimbo nyembamba, akamwambia ahesabu machungwa. Kulwa alihesabu kwa sauti ya mtu anayeuza, akapitiliza machungwa yaliyokuwapo na kuendelea na mengine ya kichwani mwake mpaka mwalimu alipomzuia. Kisha nikaitwa mimi. Mwalimu akasogeza fimbo hadi kwenye picha ya pili.

"Haya, Doto. Nihesabie ng'ombe hawa."

Naomba unielewe jinsi nilivyowaza, maana niliwaza sana. Niliona: huyu ni mtu mzima, mwenye mvi, Msukuma kama sisi. Hawezi kuwa hajui kwamba ng'ombe hawahesabiwi. Basi kwa nini ananiambia niwahesabu? Nikapata jibu, na jibu hilo likanifurahisha mpaka tumboni: ananijaribu. Anataka kujua kama nimetoka nyumba yenye adabu. Kulwa amepewa machungwa kwa kuwa machungwa ni rahisi. Mimi nimepewa mtihani wenyewe.

Nikaweka mikono nyuma. Nikainamisha macho. Nikafunga mdomo.

"Hebu jaribu, mwanangu. Huyu hapa ni wa kwanza…"

Nikaufunga zaidi. Alirudia kwa upole, akanisogezea fimbo, nami nikarudi nyuma nusu hatua kama mtoto mwenye heshima zake. Mwishowe akasema, "Sawa. Kaeni pale nje." Nilitoka nimejaa fahari. Nakuambia, sijawahi kutoka kwenye mtihani wowote baadaye maishani nikiwa na uhakika kama ule.

Tulikimbia mpaka nyumbani. Bibi alikuwa anaanika michembe juu ya jiwe. Kwa mara ya kwanza nilimtangulia Kulwa kusema.

"Bibi, nimeshinda. Wameniambia nihesabu ng'ombe, nikakataa."

Bibi akaacha michembe yake. "Ulikataa?"

"Mara zote."

"Wabeja, ng'wana wane," akasema, asante mwanangu, akanivuta kifuani kwake palipokuwa na harufu ya moshi na siagi. "Huyu ndiye mjukuu."

Kulwa alitutazama sote wawili, akakuna mguu. "Mimi nimehesabu machungwa," akasema. "Yalikuwa mabaya mabaya tu, hayajaiva."

Taarifa ilikuja kupitia kwa baba, aliyeitwa shuleni siku iliyofuata. Alirudi akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia. Kulwa anaanza shule Jumatatu. Doto bado, aachwe akomae, aletwe mwakani.

Nilingoja aendelee, nikidhani habari yangu haijafika. Nilipoona hakuna zaidi, nilimgeukia Bibi. Bibi alikuwa ameshika ungo, haupepeti wala hauweki chini.

"Kwa hiyo," baba akasema, "kama shule haimtaki mwaka huu, mdogo wako wa kule Kiloleli amekuwa akiomba mtu wa kumshikia mtoto aende shambani. Doto akakae naye." Alikuwa anasema na mama. "Atakuja Jumapili, Jumatatu asubuhi wanaondoka wote."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku Kulwa atakapovaa sare, mimi nitakuwa kwenye gari la Kiloleli. Nilimtazama Kulwa anisemee. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza haukuwa na kitu ndani.

Tulipokwenda kulala aliniuma sikio kwa maneno. "Wewe jiwe. Kwani hukuona ile ni karatasi?"

"Ng'ombe ni ng'ombe."

"Ng'ombe wa karatasi hawafi."

"Na wakifa je?" nikamuuliza. "Nitamwambia nini mwenyewe?"

Akalia, na kwa kuwa tulikuwa na desturi ya kugawana kila kitu, nami nikalia upande wangu.

Aliyeondoka kufanya jambo alikuwa mama. Mama yangu hakuwa mtu wa kubishana na baba mbele ya watu. Alichukua ndoo akaenda kwenye pampu ya maji karibu na shule, akakaa pale mpaka walimu walipokuja kuchota. Alirudi na maji nusu ndoo, uso umetulia. "Kuna mwalimu mgeni," akasema. "Atakuja kesho jioni ng'ombe wakirudi. Amesema nisimfundishe Doto chochote kabla hajafika."

Mwalimu Koku alikuwa msichana wa Bukoba, mrefu, amesuka mabutu, na Kisukuma chake kilikuwa salamu tu. Alifika jua likiwa juu ya miti, akapiga goti kidogo mbele ya Bibi. "Mwadila, mayu," akasema, akajikwaa kwenye neno la pili. Bibi alifurahi kama vile amepewa vitenge.

"Kwenu ng'ombe mnao?" Bibi akamuuliza.

"Wachache, bibi. Sisi ni watu wa migomba."

"Migomba mnahesabu?"

"Tunahesabu. Haijawahi kukasirika."

Ng'ombe wakaanza kuingia. Nilisimama mahali pangu. Mwalimu alisimama karibu nami, kimya, akijifunika pua kwa mtandio kila vumbi lilipozidi. Walipokwisha kupita nilimvuta Kulwa mkono nikamnong'oneza, Kulwa akapaza sauti: "Baba, ndama wa Kipaji hayumo." Baba akaenda kumtafuta, akarudi naye amemshika shingo.

"Umeona, mwalimu," baba akasema, na kulikuwa na majivuno aliyojaribu kuyaficha. "Huyu haoni vibaya. Kichwa kimo."

"Nimeona, baba. Ila hicho ni kile anachokijua tayari," Mwalimu Koku akasema. "Mimi sikukifuata hicho tu. Nataka kujua nikimshika mkono anafika wapi, na nikimwachia anabaki wapi."

Kisha akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana. "Doto, hapa zizini wako wangapi?"

Mikono ikarudi nyuma yenyewe. Lakini yeye hakurudia swali lile. Aliuliza lingine, ambalo tangu siku ya kupimwa hakuna aliyeniuliza.

"Kwa nini hutaki?"

"Kwa sababu…" Kulwa akaanza.

"Kulwa, mama, nenda kanishikie ule mkoba wangu pale," Mwalimu akasema bila kugeuka. "Namsikiliza huyu."

Nilimtazama Kulwa akienda. Jibu lilikuwa limekaa kwenye ulimi kama punje ya chumvi. Hakuna aliyelichukua. Ikabidi nilitoe mwenyewe.

"Ukiwahesabu watasikia. Watapungua."

Hakucheka. Alikaa akiwaza, amechuchumaa vilevile, mpaka nikaona miguu yake inatetemeka kwa uchovu. Akamgeukia Bibi. "Bibi, naomba ruhusa. Tukiweka punje moja ya mahindi kwenye ungo kwa kila ng'ombe anayepita, bila kusema neno, ni kosa?"

Kisabo kikasimama. Hili lilikuwa shauri zito. Bibi aliuliza punje hizo zitaitwa nani. Mwalimu akasema hazitaitwa, ni punje tu. Bibi akauliza, baadaye zitapikwa? Baba akaingilia: "Mama, hata mimi zamani nilikuwa nafunga mafundo kwenye kamba nikipeleka ng'ombe majini." Bibi akamtazama mwanawe kwa mshangao. "Hukuwahi kuniambia." "Hukuwahi kuniuliza." Bibi akasuka kisabo mara chache, akatoa hukumu: punje si ng'ombe. Ziruhusiwe. Kidole kisinyooshwe, na zikishafanya kazi wapewe kuku, zisilale ndani.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokwenda, maana hapa ndipo furaha yangu ilipo. Baba aliwatoa ng'ombe tena, kwa kunung'unika, wapite upya. Mwanzoni Mwalimu alinishika mkono: ng'ombe anapita, tunatupa punje pamoja. Baada ya wachache mkono wake ukalegea. Baada ya wachache wengine haukuwapo, na mimi sikugundua uliondoka lini. Tulipomaliza alinikalisha chini na ule ungo, akanionyesha kuzipanga punje kwa safu, vidole vya mkono mmoja kwa kila safu. Safu ya kwanza alipanga yeye. Ya pili alianza, nikamaliza. Ya tatu alitazama tu. Kisha akaanza kuzitaja punje kwa hesabu, taratibu, akafika mahali akanyamaza kana kwamba amesahau.

Nami nikaendelea.

Nilizijua hesabu, unaona. Nilizijua zote kwa kumsikia Kulwa akiimba. Nilikuwa sijapata mahali halali pa kuziweka. Nilipofika punje ya mwisho nikaitazama, nikautazama ungo, nikalitazama zizi, na mwili wote ukanisisimka: lile kundi lote la pembe na mikia, joto na kelele, lilikuwa limekaa pale kwenye ungo mdogo, limetulia, na hakuna hata mmoja aliyedhurika. Nilimwambia Mwalimu tufanye tena. Baba akasema ng'ombe wamechoka. Nikasema basi tufanye kwa vifaranga. Tukafanya kwa vifaranga, nao hawakutaka kupita kwa mstari, na Mwalimu Koku akakimbia huku na huku na mtandio wake, mpaka Bibi akafuta machozi ya kicheko.

Wakati wa kuaga, baba alimsindikiza mpaka njiani. "Sasa umemfundisha," nikamsikia akisema. "Kesho nitajuaje kama ni yeye au ni wewe?"

"Ndiyo maana nitarudi kesho, baba," akasema. "Nikija sitamsaidia neno."

Jumapili mama mdogo wa Kiloleli alifika na mtoto wake mgongoni na mfuko wa nguo za kunipa. Mama yangu alinifungia zangu kwenye kitambaa, akakiweka mlangoni. Kila nilipopita nilikikwepa kwa mbali. Majirani wawili wakaja kumsalimu mgeni, mwalimu akaja, wajomba wakakaa chini ya paa la ghala. Mama akaniita.

"Doto, lete vikombe vya chai, viwatoshe watu wote."

Kazi ya vikombe tulikuwa tunaifanya wawili. Kulwa alizunguka akiuliza nani anakunywa, mimi nilibeba. Lakini Kulwa alikuwa ametumwa maji. Nilisimama katikati ya uwanja. Watu ni kama ng'ombe, hawahesabiwi. Nilimwona Mwalimu Koku akinitazama, halafu akatazama pembeni, kwa makusudi, akaanza kuongea na Bibi habari za mvua.

Nikaenda kwenye kibati cha mahindi ya kuku. Nikachota kiganja. Nikaanza kupita mbele ya watu, mmoja baada ya mwingine, bila kunyoosha kidole wala kusema kitu. Kwa kila mtu nikahamisha punje moja kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Nilipofika kwa mama mdogo nikakwama. Nilimtazama yule mtoto aliyekuwa ananyonya. Ikabidi niulize kwa sauti, na uwanja mzima ukasikia, maana wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti yangu.

"Huyu naye anapewa punje?"

"Punje ya nini, wewe?" mama mdogo akashangaa.

"Anakunywa chai?"

"Anakunywa mimi," akasema, na watu wakacheka.

Nikairudisha punje moja. Nikaenda jikoni, nikatoa kikombe kimoja kwa kila punje, nikavipanga kwenye sinia, nikatoka. Mama alipita akimimina. Kila mtu alikuwa na kikombe. Sinia lilikuwa tupu. Kulwa alifika na ndoo kichwani, akatazama, akaitua chini polepole. "Nani amekwambia ni vingapi?" akaniuliza.

"Hakuna."

Mwalimu Koku alikuwa ameshika kikombe chake, hanywi. "Baba," akasema, "ya jana nilimfundisha. Hili la vikombe sikumfundisha. Amelitoa mwenyewe kwenye lile la jana."

Baba alikuwa mtu wa kupima mambo kwa yale aliyoyashika kwa mikono. Akamgeukia mjomba mmoja, kama vile habari ni ya ng'ombe. "Maksai mchanga ukitaka kujua kama atalima, unamfunga nira peke yake?"

"Utavunja plau," mjomba akasema.

"Unamfunga na mkubwa aliyezoea. Unatazama. Kuna anayeburutwa mwaka mzima, na kuna ambaye mfereji wa tatu tu anaanza kuvuta." Akanitazama. "Huyu tulimfunga peke yake."

Mama mdogo akaona safari inaharibika. "Na mwanangu mimi atashikwa na nani?"

"Na aliyemzaa," Bibi akasema, akaendelea kunywa chai.

Jumatatu asubuhi tulikwenda wote wawili. Yule mwalimu mzee alinipokea tena mbele ya picha zake, Mwalimu Koku akiwa mlangoni. Nilitoa punje mfukoni kabla hajasema lolote, nikaziweka mezani moja moja nikiwatazama wale ng'ombe wa karatasi, kisha nikazihesabu punje. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza maana ya punje, nikamweleza habari ya mali inayosikia. Akacheka kwa sauti yake ya chini, akaishika ile picha ya ng'ombe, akaigeuza ikatazama ukuta. "Nami mama yangu alinikataza hivyohivyo," akasema. "Miaka yote hii naitundika tu."

Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Darasa la kwanza lilikuwa na vyumba viwili, na Mwalimu Koku akaomba Kulwa akae cha yule mzee, mimi nikae chake. Nililia nikiwa nimeshika mlango. Niliona nimepigania kukaa na Kulwa, na sasa nanyang'anywa. Baba, aliyekuwa bado uwanjani, aliinama akanitoa vidole mlangoni kimoja kimoja. "Sikiliza," akasema. "Maksai akizoea upande mmoja na mwenzake mmoja, siku mwenzake akiugua hulimi. Mtakutana saa ya uji."

Saa ya uji Kulwa alinijia macho mekundu. Hakuna aliyembebea viatu, ameviacha mahali asipopakumbuka. Nikaenda naye kuvitafuta. Njia nzima mimi ndiye niliyeongea. Nilikuwa na mengi: nimeulizwa jina, nikalisema; jirani yangu dawatini hajui kupanga safu, nimemshika mkono, halafu nikamwachia.

Siku hizi nafanya kazi aliyoifanya Mwalimu Koku, na watu wanapenda nimwambie mzazi kwa neno moja: anajua au hajui. Siwezi. Mtoto hajengeki peke yake ndani ya kichwa chake kama yai. Anajengeka kati ya mikono ya watu, kwa vitu vya kwao, punje, kamba, nyimbo, makatazo, na kinachokuwa baina yake na mtu mwingine leo, kesho kinaingia ndani kikawa chake. Ukimpima akiwa ametengwa na hayo yote, unapima upweke wake. Ndivyo nilivyomweleza yule mama. Akauliza, basi nifanye nini nikifika nyumbani? Nilimwambia hivi, nawe nakuambia.

Chagua kazi ndogo ambayo mtoto wako haiwezi bado peke yake. Muulize kinachomzuia, umsikilize mpaka amalize. Ifanyeni pamoja mara moja. Ya pili, ianze wewe aimalize yeye. Ya tatu, toa mkono wako, nyamaza, utazame.